Kumtafuta Profesa wa Biolojia ya Mifumo Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa karani wa kamati za kuajiri wahadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Uganda. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu, kupanga mafaili, kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe kuwapokea waombaji wanaotoka mbali, na kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Maswali haya nimeulizwa kwenye korido, kwenye simu, na mara moja msibani. Hapa sinyamazi.

Biolojia ya mifumo ni nini hasa? Mbona tunaambiwa si bioinfomatiki?

Mtu akitaka kujua kwa nini taksi hazitoki Old Taxi Park, kituo kikuu cha taksi Kampala, saa kumi na mbili jioni, hatafaidika kwa kufungua injini ya taksi moja. Itambidi ajue taksi ni ngapi, abiria wanaingia kwa kasi gani, lango lina upana gani, na polisi wa trafiki anaposimamisha msafara mmoja foleni inarudi nyuma kiasi gani. Biolojia ya mifumo huitazama seli kwa jicho hilo. Hupima vitu vingi kwa pamoja, huviunganisha kwa milinganyo ya hesabu, kisha huuliza: nikigusa hapa, kule kutatokea nini?

Kwetu huku mfano mzuri ni malale. Kimelea cha malale kikiwa katika damu ya binadamu hupata nishati yake kwa kuvunja glukosi. Mwaka 1997 mtafiti Barbara Bakker na wenzake walichapisha modeli iliyokusanya tabia za vimeng'enya vya njia hiyo, yaani protini zinazoharakisha kila hatua ya uvunjaji huo, kimoja baada ya kingine, na kuzitia kwenye milinganyo. Modeli ilipoendelezwa ilionyesha kwamba usukani haukuwa mikononi mwa vimeng'enya ambavyo vitabu vya wanafunzi huvisifu. Kwa kiasi kikubwa ulishikwa na mlango wa kuingizia glukosi. Kwa anayetafuta dawa hiyo ni habari nzito, kwa sababu anaambiwa pa kupiga.

Mtu wa bioinfomatiki huyasoma maandishi ya jeni, akayapanga na kuyalinganisha, na bila yeye hatufiki popote. Ila yeye hujibu zaidi swali la kilichopo, na mtu wa biolojia ya mifumo swali la kitakachotokea. Wapo wanaoyaweza yote mawili, lakini ni wachache, na wengi wao wameshaajiriwa.

Uganda inamhitaji kweli, au ni fasheni ya Ulaya?

Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936, ikichunguza homa ya manjano. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, hapo jirani. Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za malale ya binadamu, ya gambiense na ya rhodesiense. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa hapa mwaka 2001, na kila mwenye shamba la matooke anaujua. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kutoka Gulu wagonjwa ambao vimelea vyao vya malaria vilichelewa kutoka damuni baada ya kupewa dawa ya artesunate, vikiwa na mabadiliko kwenye jeni ya kelch13, ambayo ni dalili ya usugu kwa dawa hiyo.

Kwa hiyo matatizo tunayo na sampuli tunazo. Tangu 2019 tuna pia kituo cha bioinfomatiki na sayansi za data pale Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere. Wa kujenga modeli ndio wachache. Damu ya mgonjwa wa Tororo inapanda ndege, modeli inajengwa Ulaya au Marekani, kisha matokeo yanarudi kwetu kama mada ya semina, na chai juu. Ukiniuliza mimi, kuubadilisha mpangilio huo ndiyo sababu pekee ya maana ya kutangaza nafasi hii. Kama sababu yenu ni jina la idara lipendeze kwenye tovuti, ajirini mchora tovuti.

Tangazo liandikweje?

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa, nami nimeshika kalamu zikijikwaa.

Kosa la kwanza ni kudai shahada ya uzamivu ya biolojia ya mifumo. Hebu fanyeni hesabu. Taasisi maarufu ya fani hii, ile ya Leroy Hood kule Seattle, ilianzishwa mwaka 2000. Profesa mwandamizi wa leo ana miaka hamsini na kitu. Alipokuwa akisoma, mahali pengi shahada yenye jina hilo haikuwepo. Walioijenga fani walitoka kwenye fizikia, biokemia, hesabu, uhandisi wa mitambo inayojiongoza, hata fiziolojia. Hodgkin na Huxley walipoandika milinganyo ya mshipa wa fahamu mwaka 1952, na Denis Noble alipotengeneza modeli ya seli ya moyo mwaka 1960, hakuna aliyewaita wanabiolojia ya mifumo.

Nakumbuka faili moja. Lilikuwa la kijani, limefungwa kwa uzi kwa sababu lilikuwa nene. Mwombaji alikuwa na uzamivu wa fizikia na miaka ishirini ya kazi ya kifua kikuu. Wakati wa mchujo mjumbe mmoja alifungua ukurasa wa vyeti, akasoma neno "fizikia", akalisogeza faili upande wa kushoto wa meza. Kushoto ni kule wasikoitwa. Lilichukua sekunde kumi. Tuliowaita hakuna aliyefaa, na tangazo likarudiwa mwaka uliofuata.

Andikeni hivi: "uzamivu katika biolojia, fizikia, hesabu, uhandisi au fani inayohusiana, pamoja na kazi iliyochapishwa inayounganisha vipimo vya maabara na modeli za hesabu." Inatosha.

Kosa la pili ni orodha ya majukumu isiyo na mwisho: afundishe, atafiti, alete ruzuku, aongoze idara, ahudumu kwenye kamati, ashauri serikali, afanye "kazi nyingine yoyote atakayopangiwa". Mtu mwenye nafasi nzuri kwingine akiisoma hufunga kompyuta. Chagueni mambo matatu. Na tatizo mnalotaka alishughulikie litajwe kwa jina, liwe malaria, muhogo, matooke au kifua kikuu. Mtaalamu mzuri huvutwa na tatizo kabla ya cheo.

Kosa la tatu ni kutangaza kwenye magazeti ya Kampala peke yake. Gazetini lazima litoke, huo ni utaratibu. Lakini mtu mnayemtaka huenda yuko Stellenbosch, Nairobi au Manchester, na hanunui gazeti la Jumatatu pale Wandegeya. Mwandikieni moja kwa moja. Kumwandikia mtu "tumetangaza nafasi, huenda ikakufaa" si upendeleo, mradi wote wapite mchujo uleule.

Awekwe idara gani?

Idara itakayompa meza ya maabara na wanafunzi wa uzamili bila vita. Mara nyingi huwa biokemia. Nimeona hoja nzuri za kumweka hesabu, nyingine nzuri zaidi za kumweka tiba ya mifugo, maana huko watu wamezoea kutoka nje na kushika ng'ombe. Mkikubaliana awe wa idara mbili, iandikwe ni mkuu gani atakayesaini fomu yake ya likizo. Mnacheka, lakini mtu mwenye wakuu wawili huishia kuwa na mikutano miwili na bajeti sifuri.

Nani hasa mwenye mamlaka ya kuajiri?

Katika vyuo vya umma sheria ni ile ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001. Bodi ya Uajiri ndiyo inayoteua, nayo huwajibika kwa Baraza la Chuo. Idara na koleji hupendekeza tu. Mkuu wa idara anayempigia mwombaji simu na kumwambia "karibu, kazi ni yako" anasema asiloruhusiwa kusema, na nimewahi kumsikia mmoja akilisema kwa sauti kubwa mgahawani.

Vyeti vya nje hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu vitambuliwe na kulinganishwa. Mwambieni mwombaji mapema, siku ya kwanza ikiwezekana. Machapisho nayo hupelekwa kwa wakaguzi wa nje, na hao hujibu wanapopenda.

Jina lake liko kwenye machapisho mengi lakini waandishi ni sitini. Tutajuaje alichofanya?

Swali zuri, na kuhesabu machapisho hakulijibu. Kazi za fani hii hufanywa na makundi makubwa, hivyo majina sitini si dhambi. Mwombeni achague machapisho matatu, na kwa kila moja aandike nusu ukurasa: wazo lilikuwa la nani, vipimo vilifanywa na nani, milinganyo iliandikwa na nani, na ni kielelezo gani alichokitengeneza kwa mkono wake.

Halafu mwombeni faili la modeli. Fani hii ina desturi nzuri ya kuandika modeli kwa lugha ya pamoja iitwayo SBML na kuziweka kwenye hazina za wazi kama BioModels na JWS Online, ambayo ilianzia Stellenbosch, Afrika Kusini. Modeli iliyoko huko inaweza kuendeshwa na mtu yeyote. Mtoeni kijana mmoja wa bioinfomatiki aiendeshe siku mbili kabla ya mahojiano aone kama inatoa grafu ileile. Ikigoma, mwulizeni mwombaji kwa upole. Jibu lake litawapa mengi kuliko hotuba yake.

Siku ya mahojiano tufanye nini zaidi ya maswali ya kawaida?

Mleteni fundi sanifu wa maabara kwenye chumba cha mahojiano. Simaanishi aketi nyuma na kusambaza maji. Naye aulize.

Mara moja ilitokea kwa bahati. Mwombaji alikuwa ubaoni amechora mishale kama utando wa buibui, wajumbe wakitikisa vichwa. Fundi wetu, mama wa makamo aliyekuja kurekebisha projekta, alisimama pale mlangoni akatazama. Akasema, "Ssebo (bwana), samahani. Hiyo namba ya kasi uliyoiandika hapo, imepimwa kwa nyuzi ngapi za joto?" Kimya. Mwenyekiti akataka kumtoa. Mwombaji akageuka, akaitazama namba yake mwenyewe, akasema, "Nnyabo (mama), umenishika. Ishirini na tano. Na kimelea kinaishi kwenye thelathini na saba." Akachukua kifutio, akaanza upya upande wa pili wa ubao, safari hii akimwuliza yule mama namna wanavyopima hapa kwetu. Wakaendelea dakika ishirini. Mwenyekiti akaangalia saa, kisha akaacha kuiangalia.

Tulimpa kazi. Ubaoni hakuwa hodari kupita wengine, ila alikuwa peke yake aliyeona kwamba fundi anajua kitu.

Swali jingine ninalolipenda: "Tuelezee modeli yako iliyokosea." Asiye na jibu ama hajajenga modeli ya kutosha, ama hasemi kweli.

Mshahara ni kiasi gani?

Katika vyuo vya umma profesa kamili hulipwa takriban shilingi milioni 15 kwa mwezi kabla ya makato. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hutozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ya asilimia 30, na kinachozidi milioni 10 huongezewa asilimia 10. Kwa hesabu hiyo karibu milioni 5 huondoka kabla hata ya akiba ya uzeeni. Mwambieni mwombaji takwimu zote mbili, ya juu na ya mkononi. Mtu aliyekubali milioni 15 akapokea 10 huanza kazi akiwa amenuna, na hana kosa.

Hatuwezi kushindana na Ulaya kwa mshahara, tusijidanganye. Kwa mwanasayansi tunaweza kushindana kwa tatizo, kwa wagonjwa na mashamba yaliyo karibu, kwa wanafunzi wenye njaa ya kazi, na kwa muda. Muda maana yake mzigo wa vipindi uwe mwepesi miaka miwili ya kwanza, na iandikwe kwenye barua.

Tumwandalie vifaa gani?

Jambo la kwanza ni umeme.

Usiku mmoja wa Jumapili, katika taasisi niliyoifahamu kwa karibu, stima ilikatika saa tatu. Jenereta lilikuwepo, jipya, limefunikwa turubai la buluu. Dizeli ilikuwepo. Ufunguo wa chumba cha jenereta ulikuwa mfukoni mwa mlinzi wa zamu ya mchana, na mlinzi wa zamu ya mchana alikuwa amepanda basi kwenda Soroti kuzika. Walipovunja kufuli alfajiri, friza ambayo hupaswa kuwa nyuzi 80 chini ya sifuri ilisoma 31 chini. Sampuli za miaka minne. Mtafiti alikaa sakafuni, mgongo kwenye friza, hakumlaumu mtu.

Kwa hiyo kabla ya mashine ya bei, nunueni jenereta linalojiwasha, betri za kushikilia umeme mpaka liwake, king'ora kinachotuma ujumbe kwa simu tatu tofauti, na nakala za ufunguo. Sampuli zigawanywe friza mbili kwenye majengo mawili.

Kompyuta si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Modeli nyingi za fani hii huendeshwa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kwa programu za bure kama COPASI, R na Python. Vinavyohitaji mashine kubwa ni data za jenomu, na hapo intaneti ya RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, husaidia kuzifikia mashine za mbali.

Kinachosahauliwa ni vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia vipimo. Huja kwa ndege vikiwa kwenye barafu kavu, na barafu kavu haingoji karatasi za forodha. Teueni mtu mmoja mwenye kazi ya kwenda Entebbe kuvitoa, ajulikane kwa jina na awe na nauli. Profesa wa biolojia kukaa siku nzima benchi la wakala wa mizigo ni hasara kwa taifa.

Halafu watu. Akija peke yake ataondoka. Mpeni angalau mtafiti mmoja baada ya uzamivu, fundi sanifu mmoja na mtu mmoja wa data, nafasi zao ziwe zimeidhinishwa kabla hajasaini. "Zitafuata" ni neno ambalo nimeliandika kwenye kumbukumbu mara nyingi kuliko jina langu.

Mgeni, Mganda wa ughaibuni, au jirani wa Afrika Mashariki?

Yeyote anayefaa. Kwa karatasi, Mkenya na Mnyarwanda wana wepesi kwa sababu nchi zetu tatu zilifutiana ada za vibali vya kazi. Wengine huombewa kibali cha mwajiriwa, na chuo ndicho kiombe, si yeye. Mganda anayerudi hahitaji kibali, lakini anahitaji jambo ambalo watu hulipuuza: kutodharauliwa na waliobaki. Walioshikilia idara wakati yeye yuko nje wanahisi, kwa haki, kwamba nao walistahili. Waketisheni naye meza moja kabla barua haijatoka.

Je, umri ni kizuizi?

Kustaafu utumishi wa umma ni miaka 60, ingawa vyuo huwapa maprofesa mikataba baada ya hapo. Mwenye 57 si mzee kwa kazi hii, mradi mjue mnataka nini: ajenge kikundi, au awalee watakaokijenga. Kwa la pili, wa 62 anaweza kuwashinda wote.

Lazima ajue Kiswahili au Kiluganda?

Hapana. Tunafundisha kwa Kiingereza. Serikali iliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na walinzi wetu wengi wanakizungumza, kwa hiyo atakayesema "habari za usiku" getini atafunguliwa haraka. Kiluganda atajifunza akinunua rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, pale Wandegeya.

Familia yake inatuhusu?

Sana. Kati ya waliotukataa dakika za mwisho, ninaowakumbuka hawakukataa maabara. Mmoja alikuwa na mtoto anayehitaji shule yenye mwalimu maalumu. Mwingine mume wake ni daktari, na hatukuwa tumemwuliza atafanya kazi wapi. Mtu akija kwa mahojiano mpeni siku moja ya ziada na dereva, aone shule, aone nyumba, aone foleni ya Jinja Road saa moja asubuhi. Foleni msimfiche, ataikuta.

Vipi kuhusu vibali vya utafiti na data za wagonjwa?

Utafiti unaohusu binadamu hupita kamati ya maadili kwanza, kisha husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Data binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2019. Sampuli zikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuzihamisha, na hapo profesa mwandamizi huonekana thamani yake: anakaa na mshirika wa nje na kusema modeli itajengwa Kampala, sampuli zitabaki, na kijana wetu atakuwa mwandishi wa kwanza. Mhadhiri mchanga akisema hivyo, barua pepe hazijibiwi.

Tukikosa anayefaa?

Msimchukue aliyebaki. Ajirini wahadhiri wawili vijana, mmoja wa maabara na mmoja wa hesabu, muwaweke ofisi moja yenye ubao mkubwa. Mwalikeni profesa mgeni awe anakuja miezi miwili kila mwaka. Tangazeni tena baada ya miaka miwili. Chuo kinachofanya hivi huona waombaji wa raundi ya pili wakiwa bora, kwa sababu sasa kuna kikundi cha kujiunga nacho.

Niliomba miezi minne iliyopita, sijajibiwa. Niulize nani?

Andika kwa ofisi ya rasilimali watu, taja namba ya tangazo, na upeleke nakala kwa katibu wa Bodi ya Uajiri. Usimpigie mkuu wa idara, atakuahidi kitu. Kwa upande wetu, tumekubaliana kila mwombaji apate barua, hata asiyeitwa. Ninaziandika mwenyewe Ijumaa mchana, na lile faili la kijani lenye uzi lilikuwa la kwanza kujibiwa, ingawa kwa kuchelewa mwaka mzima.